Bega la Lahja na Unga wa Aune

Kuisebmond, Walvis Bay
4 Machi 1997

Dada Aune,

Salamu kutoka huku kwenye ukungu na harufu ya samaki. Sote wazima, isipokuwa bega langu, ambalo siku hizi ni mtu mashuhuri. Lina faili lake, lina madaktari wawili, na mwezi wa tano litafanyiwa kikao. Hata harusi yangu haikuwa na makaratasi mengi hivi.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba niliumia kiwandani, lakini sikukueleza vizuri, hata nilipopita kwako Desemba, maana nilidhani litapona. Ilikuwa Agosti, wiki ya mwisho ya msimu. Kazi yangu unaijua: makopo ya sadini yanakuja kwenye mkanda, yanapangwa kwenye trei, mimi nainua trei na kuisukuma kwenye rafu ya juu, juu kuliko kichwa changu. Miaka kumi na moja, trei mia sita kwa zamu. Siku hiyo niliinua moja nikasikia bega linachanika, chwaa, kama kitambaa. Makopo yakamwagika sakafuni, na msimamizi akaja kuninusa mdomo aone kama nimelewa.

Tangu hapo mkono wa kulia haupandi. Nikitaka kuchana nywele nainamisha kichwa mpaka karibu na goti. Mume wangu Erastus anasema nafanana na mbuni anayetafuta yai lake.

Daktari wa hospitali ya serikali, Meme Dokta Amakali, mama kwa heshima tu maana ni msichana mdogo wa kule kwetu kaskazini, anasema kano limechanika na kilicholichana ni trei. Anataka nikapasuliwe Windhoek na ofisi ya fidia ilipie. Nikafurahi. Halafu kampuni ikanipeleka kwa daktari wake, Dokta van Tonder wa Swakopmund, mzee mwenye masharubu kama ufagio. Mpole kweli, alinipa hata peremende. Naye akaandika kwamba kano langu limechakaa kwa miaka mingi, na kilicholichakaza si trei, ni kutwanga uwele tangu utotoni.

Dada, usicheke.

Habari za kutwanga alizitoa wapi? Kwenye fomu. Kulikuwa na swali: "Nyumbani unafanya kazi gani ngumu?" Mkono wangu ulikuwa umefungwa, kwa hiyo Erastus ndiye aliyeniandikia. Akaandika kwa herufi kubwa: MKE WANGU NI BINGWA WA KUTWANGA. UNGA WAKE HAUNA MFANO ONDONGA NZIMA. MUULIZENI MAMA YANGU. Akapiga na mstari chini yake.

Sasa nakuomba uwaandikie ofisi ya fidia, useme kwamba nilikuwa natwanga, lakini kidogo. Kwa kiasi. Jumamosi tu. Ofisi isione nilitwanga sana, na Erastus asione nilitwanga kidogo mno.

Mdogo wako,
Lahja


Oniipa
19 Machi 1997

Lahja mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama. Mara ya pili nilikuwa chini, na mbuzi wote wamekimbia.

Kidogo, unasema? Wewe hukutwanga kidogo. Hukutwanga kabisa! Ukikabidhiwa mchi tumbo linakukata papo hapo. Unaenda vichakani unaimba tenzi, na tenzi haziishi mpaka unga umechekechwa. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Huyu tutamwozesha kwa mwokaji mikate." Kama ukoo wetu una bega lililofanya kazi ya mchi, ni langu. Nalo halijawahi kuniomba hata kidonge.

Au umesahau siku Meme Loide alipokuja bila kubisha hodi, kumtazama msichana ambaye mwanawe Erastus hakosi kumtaja? Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa miti natwanga, wewe umechuchumaa kando yangu unakula karanga. Tukamsikia nje: "Anayetwanga humo ni nani? Mapigo hayo yana adabu. Huyo ndiye ninayemtaka." Ukachota unga kwenye chekeche langu, ukajipaka mikononi kama anayejipaka mafuta, ukatoka nje umeinamisha macho. Mimi nikabaki nyuma ya ua, nimeziba mdomo nisicheke.

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Mzaha gani huu wenye miaka kumi na sita? Kila Desemba unapita kwangu kwanza, unabeba unga niliotwanga mimi, ndipo unaenda Onayena kumpa mama mkwe wako ukisema, "Meme, nimekutwangia." Na mimi nanyamaza kwa sababu wewe ni mdogo wangu.

Lakini ofisi siwaandikii uongo. Uongo wa mama mkwe ni wa jikoni. Uongo wa ofisi una muhuri. Nikiandika, nitaandika ukweli, na ukweli ndio utakaokupeleka Windhoek. Mweleze mumeo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe umeficha maradhi ya uvivu.

Dada yako,
Aune


Kuisebmond
2 Aprili 1997

Dada,

Basi usiandike chochote. Nimeamua kuondoa madai yangu. Nitajifunza kutumia mkono wa kushoto, watu wengi wanaishi hivyo.

Usinikasirikie. Juzi tumepata barua kutoka Onayena. Meme Loide anasema alisimama mbele ya akina mama wa kanisa, akashika kiganja cha unga wa Desemba, akawaambia, "Huu umetwangwa na mtoto anayesimama kiwandani mwaka mzima, na likizo yake anaitumia kunitwangia mimi." Akina mama wakapiga vigelegele. Erastus aliisoma barua kwa sauti, akairudia, akaenda kumsomea na jirani.

Dada, wewe uliolewa ukiwa na mama. Mimi nilifiwa naye mwaka ule ule nilioolewa, na mwanamke yule akanichukua. Nilipojifungua mara ya kwanza alinilisha kwa mkono wake. Sasa nimwambie nini? Kwamba binti aliyemchagua hakuwa mimi?

Kiwandani wamenipa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Mkono upande, au niende nyumbani. Huwa nakuandikia nikicheka, lakini leo sicheki sana.

Lahja


Hospitali, Walvis Bay
11 Aprili 1997

Meme Aune Nangombe,

Hatujuani. Mimi ni Dokta Kandali Amakali, ninayemtibu mdogo wako. Amenipa ruhusa nikuandikie, ingawa aliitoa kwa nusu mdomo.

Jumatatu alikuja kuniambia anaondoa madai. Nikamuuliza kwa nini. Kwanza alilia, halafu akanisimulia habari za ua wa miti na unga mikononi, tukacheka wote wawili mpaka muuguzi akafungua mlango kuangalia kuna nini. Baada ya kucheka nikarudi kwenye faili, na naomba nikueleze nilichokiona.

Dokta van Tonder si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kushona jeraha nilipokuwa mwanafunzi, na mpaka leo ananiita "mtoto". Kwenye picha ameona kinundu cha mfupa, ambacho hutokea kwa kazi ya miaka mingi. Hata mimi nimekiona. Tunabishana juu ya kazi yenyewe ni ipi. Yeye amesoma kwenye fomu kwamba mgonjwa ni bingwa wa kutwanga, akaishia hapo. Mimi nilitwanga tangu nikiwa na miaka minane. Mchi unashikwa kwa mikono miwili, na mkono ukichoka unabadilisha. Trei za kiwandani zinainuliwa kwa mkono mmoja, wa kulia, kwa sababu mkanda unapita kushoto. Na bega la kushoto la Lahja ni zima kama la msichana wa shule.

Lakini nikisema haya peke yangu, ni neno la mtoto dhidi ya neno la mwalimu wake. Kikao kinahitaji mtu aliyekuwepo nyuma ya ule ua. Ni tarehe ishirini na moja Mei. Njoo useme ulichokiona tu, usiongeze chumvi.

Na tafadhali, Meme, njoo na mabega yako. Nitayahitaji.

Kwa heshima,
Kandali Amakali


Kuisebmond, Walvis Bay
22 Mei 1997

Meme Loide, mama yetu,

Shikamoo. Mimi ni Aune, dada yake Lahja. Erastus anakusalimu. Ndiye aliyepaswa kuandika barua hii, lakini tangu jana kila nikimpa kalamu anakumbuka ana nyavu za kushona. Kwa hiyo naandika mimi, na ni haki yangu kuandika, kwa sababu kosa hili nililitwanga mimi.

Meme, jana tulikuwa kwenye kikao cha bega la Lahja. Nitakueleza kama kilivyokuwa, kabla watu hawajakueleza kwa mdomo wao.

Mwenyekiti alikuwa Meme Garises, mama mnene mtaratibu, anasikiliza akiwa amefumba macho. Dokta van Tonder alisema ni mchi. Dokta Amakali akasema ni trei. Wakavutana kwa maneno marefu, huyu akiinua picha dirishani, yule akimnyang'anya picha na kuigeuza. Mwisho mwenyekiti akafumbua jicho moja, akasema, "Yupo mtu hapa aliyewahi kumwona huyu mama akitwanga?"

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi nimekua naye, na sijawahi kumwona."

Meme, nisamehe. Niliwaeleza yote. Siku ile uliyokuja kwetu, uliyemsikia nyuma ya ua ni mimi. Unga ule ulikuwa wangu, na wa kila Desemba ni wangu. Niliposema hivyo Lahja alijifunika kitambaa usoni. Erastus alikuwa ameketi mbele, na shingo yake ilikuwa inageuka polepole kama mlango wenye kutu.

Dokta van Tonder akauliza, "Fomu hii basi iliandikwa na nani?"

Erastus akasimama. "Mimi."

"Ulishawahi kumwona mkeo akitwanga?"

Akafikiri. Kisha akasema, "Kumwona, hapana. Nilionja tu."

Ukumbi wote ulicheka. Hata mwenyekiti alifumbua macho yote mawili.

Ndipo Dokta Amakali akasema, "Mtwangaji mwenyewe ndiye huyu. Mwalimu wangu amtazame bega." Wakaniketisha kwenye kiti. Yule mzee akaniuliza nimetwanga kwa miaka mingapi, nikamwambia thelathini na nane. Akaniambia ninyooshe mikono nisikubali aishushe. Akausukuma mkono wangu wa kulia chini. Haukushuka. Akasukuma kwa mikono yake yote miwili, uso ukawa mwekundu, masharubu yakasimama. Haukushuka. Nikamwambia, "Tate Dokta, baba yangu, pumzika, utajiumiza halafu nawe udai fidia."

Akavua miwani, akaifuta. Kisha akamwambia mwenyekiti, mbele ya watu wote, "Mtu mmoja si ushahidi wa kitu kikubwa, na kinundu bado kipo. Lakini nilisoma karatasi kabla ya kumsoma mgonjwa. Huyu mtoto alimsoma mgonjwa kwanza." Dokta Amakali akaangalia chini. Nilidhani atashangilia, kumbe macho yalikuwa yamemlowa.

Majibu watatuletea kwa posta.

Tulipotoka Erastus alituacha pale barabarani, akaenda peke yake kuelekea gatini. Lahja akasema, "Ameondoka." Tukakaa. Baada ya saa nzima akarudi na samaki wa kukaanga kwenye gazeti, akaketi katikati yetu, akasema, "Miaka kumi na sita namsifia shemeji bila kumtoza hata kuku." Wakacheka na mkewe mpaka wakashikana.

Lakini usiku Lahja hakulala, Meme. Si kwa ajili ya bega. Kila saa ananiuliza, "Barua itafika Onayena lini?" Nakuomba hasira uzielekeze kwangu. Yeye alitoka nje ya ua akiwa na miaka ishirini na moja na karanga mdomoni. Mimi nilikuwa na ishirini na tisa na akili timamu.

Mwanao mwenye kosa,
Aune


Onayena
9 Juni 1997

Aune binti wa Nangombe,

Namwambia shemasi aandike maneno yangu kama yanavyotoka, asiyalainishe.

Barua yako imefika. Nilisomewa, nikamwambia shemasi arudie pale kwenye ua. Akarudia. Nikamwambia atoke aniache.

Kumbe nilimsikia dada mtu, nikamposea mwanangu mdogo wake! Nilikwenda kuchagua mtwangaji nikarudi na mla karanga. Mimi niliyejidai nina sikio! Na kule kanisani nilisimama na unga kiganjani, watu wakanipigia vigelegele. Sasa akina mama wakiniuliza niwaambie nini? Frieda mke wa mwalimu atacheka mpaka mwaka elfu mbili.

Siku tatu nimekula unga wa dukani kwa hasira. Ni mbaya. Una ladha ya mfuko.

Sasa sikiliza. Sikasirikii unga. Nimezeeka, nimedanganywa na watu wakubwa kuliko ninyi. Ninachokasirikia ni hiki: mtoto yule amekuja kwangu miaka kumi na sita, ameugua kwangu, amezaa kwangu, amenizikia mume wangu, na bado alidhani nampenda kwa ajili ya unga. Hilo ndilo tusi. Mwambie hivyo hivyo. Mwambie mimi si panya.

Wewe Aune, ukirudi kaskazini njoo kwangu Jumamosi yoyote. Nimekusikia tu nyuma ya ua, sijakutazama vizuri usoni. Tuna mazungumzo.

Loide Iipinge

Mimi mwandishi, Shemasi Nakanyala, nakiri nimelainisha mahali pawili.


Hospitali, Windhoek
3 Agosti 1997

Dada Aune,

Nimepasuliwa! Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usiniulize kuhusu herufi. Zinatembea kama kuku aliyekanyaga lami.

Majibu ya ofisi ulishayasikia kwa simu ya pale dukani, lakini karatasi yenyewe nimeiona mimi: jeraha limetokana na kazi. Kinundu wamesema ni cha umri, na mimi nimekikubali, maana nina umri. Dokta van Tonder aliandika maoni mapya kurasa mbili, na chini yake akaandika kwamba anakubaliana na Dokta Amakali. Siyo "mtoto". Dokta Amakali ameikata nakala ile sehemu ya chini akaibandika ukutani ofisini kwake, juu ya birika. Kiwanda nacho kimeniahidi nikipona nitakaa kwenye ukaguzi wa makopo, kazi ya kuketi. Mwenye macho mazuri ndiye anayewekwa huko. Mungu awasamehe, hawajaniuliza kuhusu macho yangu.

Daktari mpasuaji anasema kano limeshonwa vizuri. Wiki sita nisinyanyue kitu, hata kikombe.

Sasa nikwambie la jana. Nilikuwa nimelala, dawa bado ziko kichwani, nikasikia zogo mlangoni. Muuguzi anasema, "Bibi, saa ya kutazama wagonjwa imekwisha." Sauti inajibu, "Mimi sijaja kutazama. Nimeketi kwenye basi siku nzima na miguu imevimba. Nitaketi." Nikafumba macho haraka. Dada, nina miaka thelathini na saba, lakini nilijifanya nimelala kama mtoto aliyevunja chungu.

Meme Loide akavuta kiti. Akaketi. Kisha akasema, "Anayelala kweli hakazi kope hivyo."

Nikafumbua macho. Nikaanza, "Meme, kuhusu ule unga..." Akaniambia, "Fungua mdomo." Nikadhani ataniambia niseme ukweli. Kumbe ana kijiko. Maziwa ya mgando, ameyabeba kutoka Onayena ndani ya chupa aliyoifunga kwa shuka. Akanilisha mpaka yakaisha, akanifuta mdomo kwa nguvu, kama anayefuta sufuria. Nikamwambia nimelipata neno lake la panya, na kwamba nililia. Akasema, "Vizuri. Ilikuwa imekusudiwa hivyo."

Hujaniandikia mlizungumza nini siku ile ulipokwenda kwake. Nimemuuliza yeye, akasema ni mazungumzo ya watu wanaojua kazi, hayanihusu. Nimemuuliza Erastus kwa simu, anasema anajua tu kwamba ulikwenda asubuhi ukaondoka jioni, na majirani walisikia vicheko. Haya, ficheni. Ni zamu yenu.

Kitanda cha pili amelazwa mama mmoja wa Kiherero aliyevunjika nyonga, mcheshi, na ana swali kwa kila mtu. Leo asubuhi alimtazama Meme Loide akinikunjia shuka na kuwagombeza wauguzi kuhusu uji, akaniuliza, "Huyu ndiye mama yako mzazi?"

Meme Loide aligeuka, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka wodi ya wanaume:

"Mimi ni mama mkwe wake. Hajui kutwanga, ni mwongo, na usiku anakoroma. Lakini mtu akimgusa bega lile, atanijua mimi ni nani."

Mdogo wako,
Lahja